Hedifoni Iliyoshonewa Koti

Nailoni hujavua, amplifaya ya nini? Mmemsikia mama yenu akimtupia Hoza neno hilo, mkacheka, na sasa mnaniuliza limetoka wapi. Limetoka hapahapa Korogwe, na babu yenu nilikuwepo. Nilikuwepo kwa aibu, lakini nilikuwepo. Kaeni. Hoza, weka simu chini, hiyo amplifaya unayotaka kuagiza haitakimbia.

Methali hii ilianza hivi.

Pale Manundu, karibu na soko, palikuwa na fundi cherehani aitwaye Semboja. Mtu mpole, mkono wake safi, suruali akikupindia leo utaichakaza mwenyewe lakini pindo litabaki. Alikuwa na binti mmoja, Tunu, na Tunu alikuwa anaolewa Jumamosi. Sasa mama yake Semboja, marehemu, ndiye aliyekuwa akiimba kwenye harusi zote za mtaa huu. Alikuwa na wimbo wake mwenyewe wa kumtoa bi harusi mlangoni, aliutunga yeye. Tunu akamwambia baba yake, "Baba, mimi sitaki kitu kingine. Nataka kutoka na wimbo wa bibi." Baba akaahidi. Mnajua ahadi ya baba kwa binti anayeondoka, hiyo hairudi nyuma.

Tatizo likawa ubeti wa pili. Kiitikio kila shangazi alikijua, ubeti wa kwanza walikumbushana, wa pili hakuna aliyekuwa nao. Ulibaki kwenye kanda moja ya zamani, na kanda yenyewe ilikuwa imeshahamishiwa kwenye simu ya Semboja. Ukiupiga kwa spika ya simu unasikia mvumo tu, kama mtu anayekaanga mihogo. Mkwe mtarajiwa, Mbwana, kijana mwenye adabu, alipopata habari alimletea mkwewe zawadi kutoka Tanga: hedifoni mpya, ile ya kufunika masikio.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na ni kosa la heshima. Zawadi ya mkwe haichezewi. Semboja aliitunza kama alivyojua yeye, maana yeye ni fundi cherehani. Nitawaambia alivyoitunza, subirini.

Alipoivaa akasikiliza, sauti ya mama yake ilimjia kutoka mbali, imefumbwa, kama mtu anaongea ndani ya gunia. Akaongeza sauti ya simu mpaka mwisho. Bado. Jumanne akaja kwa kinyozi, tulikokuwa tunakaa jioni, akaeleza shida yake.

Na mimi Kihiyo, mwenye mvi zangu, nikajibu kabla hajamaliza. Siku zile nilikuwa nimesoma mambo mawili matatu kwenye simu, nikajiona mtaalamu. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hedifoni bila amplifaya ni gari bila injini. Wewe unahitaji amplifaya ya kukuza sauti." Sikuomba hata kuiona hiyo hedifoni. Mnasikia? Sikuomba hata kuiona.

Bwana mmoja wa muziki wa kukodisha alikuwa nayo, ndogo, ya hedifoni hasa. Akasema hana haja ya fedha, anataka cherehani kwa ajili ya mkewe. Semboja alikuwa na cherehani moja tu. Alikaa nayo usiku mmoja akifikiri, na Alhamisi asubuhi akanipitia nimsaidie kuipeleka. Mkokoteni niliusukuma mimi mwenyewe.

Mama Tunu akatusimamisha mlangoni. "Baba Tunu, cherehani inakwenda wapi?"

"Inakwenda kuleta sauti ya mama."

"Na gauni la mtoto nani atalipinda? Na Jumatatu tutakula nini?"

Semboja aliikaza kamba ya cherehani. Alitazama chini, na mimi nilimwonea huruma sana, kwa sababu niliona ameshajua anachokipoteza na bado anakwenda. Mama Tunu akajifunga kanga yake vizuri. "Basi nami nakwenda," akasema. "Cherehani hii imenisomeshea mwanangu, siiachi iende peke yake. Na wewe shemeji Kihiyo, tutaongea."

Tulikubaliana kubadilishana kwenye meza ya Mwanamkuu, fundi redio, mwanamke mwenye maneno machache na miwani iliyofungwa uzi. Mwenye amplifaya alikuwa ameiacha kwake ipimwe. Mwanamkuu akaweka kando redio aliyokuwa akiichomelea. "Amplifaya nimeipima, ni nzima," akasema. "Lete hiyo hedifoni tujaribu."

Semboja akafungua boksi, akaitoa kwa mikono miwili.

Mwanamkuu akaigeuza, akaigeuza tena. "Hii nini?"

"Koti lake," alisema Semboja.

"Hedifoni ina koti?"

"Vumbi, dada. Ni zawadi ya mkwe."

Na lilikuwa koti kweli. La kitenge, kila upande na vifungo vinne, mishono huioni. Mwanamkuu akafungua kifungo kimoja kimoja. Chini ya kitenge akakuta kitambaa kingine. "Na hii?"

"Bitana. Siwezi kushona koti bila bitana."

Chini ya bitana palikuwa na sifongo. "Na hii?"

"Jasho," Semboja akasema, sasa sauti imepungua.

Chini ya sifongo ilikuwepo nailoni ya kiwandani, imebana pande zote mbili, haijaguswa. Mwanamkuu hakuuliza. Semboja akajibu hivyo hivyo, "Hiyo nimeikuta nayo. Kitu kipya hakivuliwi nailoni."

Mwanamkuu akavua miwani. "Nani alikwambia unahitaji amplifaya?"

Semboja ni muungwana, hakunitaja. Mama Tunu ndiye aliyeninyooshea kidole, na kidole chake kilikaa hewani muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Kaka," Mwanamkuu akamwambia Semboja, "nailoni hujavua, amplifaya ya nini? Ziko hedifoni nzito, za studio, hizo simu haiziwezi, bila amplifaya zinanong'ona. Hii yako imetengenezwa kwa simu. Na wewe ndiyo kwanza unaanza kusikiliza. Sikiliza kwanza ulichonacho. Siku ukizoea, ukaona kuna kitu kinapungua, na wewe mwenyewe ukaweza kunitajia ni kitu gani, njoo tuzungumze habari ya amplifaya."

Akaichana nailoni, upande huu na upande huu, akachomeka waya kwenye simu.

Semboja alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akakaa kwenye ukingo wa mkokoteni, mkono juu ya cherehani yake. Tukamngoja. Mama Tunu alikuwa amenishika mkono wa shati bila kujua.

"Anakohoa," Semboja akasema.

"Nani?" mkewe akauliza.

"Mama. Kabla ya ubeti wa pili anakohoa kidogo. Miaka yote hii sikujua kwamba anakohoa." Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Midomo ikaanza kufuata maneno, na Mama Tunu akachukua chaki ya kukatia nguo kwenye mtoto wa meza ya cherehani, akaandika palepale juu ya ubao wake:

Nenda mwanangu nenda, usilie njiani,
mlango hatukufunga, tumeuegesha.

Cherehani ilirudi nyumbani na wimbo juu yake, nikiisukuma mimi tena, na safari hii mlima. Nilistahili. Usiku ule na kesho yake gauni likapindwa.

Jumamosi mashangazi waliimba ubeti wa pili, na Tunu alipofika kizingitini aligeuka kutazama nyuma. Mlango ulikuwa umeegeshwa, na Semboja alikuwa ameushika kwa mkono wake, upepo usije ukaufunga. Binti alicheka na kulia kwa pamoja, kisha akaenda kwa mumewe. Mimi nililia pia, wala sioni haya kusema.

Neno la Mwanamkuu likabaki sokoni. Anayetaka jiko jipya na la zamani hajaondoa majivu, anatupiwa neno hilo. Anayetaka shamba jingine na hili limejaa magugu, anatupiwa hilohilo. Na mimi nikipita kwa Mama Tunu mpaka leo ananiuliza, "Shemeji, umewashauri wangapi wiki hii?"

Kwa hiyo Hoza, leta hiyo hedifoni yako hapa tuitazame kwanza. Sichukui tena dhamana ya kitu nisichokiona. Wengine mnacheka nini? Mbona mnatazama meza? Rimoti? Hiyo rimoti ya televisheni nimeitunza ndani ya nailoni yake miaka minane, ndiyo maana ni mpya... Ni kweli, namba hazionekani. Ni kweli pia kwamba juzi nilisema televisheni imekufa, tununue nyingine.

Haya, lete mkasi. Na semeni wenyewe, wote pamoja, maana naona mmeshaielewa: nailoni hujavua, amplifaya ya nini?