Roketi Iliyongoja Rangi

Wapendwa, kaeni. Kaeni vizuri, na huyo jogoo wa mavuno hapo mbele mfungeni miguu upya, maana tangu tumesoma somo anaitikia kuliko ninyi. Ahsanteni. Leo mmeleta mahindi, maboga, mayai, na mama mmoja ameleta sufuria jipya kabisa. Mungu awabariki sana. Nami nina kitu kidogo cha kuwapa kabla mnada wa mavuno haujaanza. Najua wengine macho yenu yako kwenye yale maboga tangu sala ya kwanza. Vumilieni.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa fizikia, sekondari. Kila mtu ana starehe yake akitoka kazini. Wengine wana mpira, wengine wana bao, na wengine, tusitajane, wana pale kona. Yeye alikuwa anatengeneza roketi nyumbani kwake. Mnacheka? Roketi, ndiyo! Siyo zile za kwenda mwezini. Roketi ndogo, urefu wa mkono wa mtu mzima, ya karatasi ngumu iliyoviringishwa ikagandishwa kwa gundi. Chini ina mapezi ya mbao nyembamba, juu ina ncha ya mti mwepesi aliouchonga mwenyewe. Tumboni mwake anakunja mwavuli wa kitambaa chepesi. Mkiani anachomeka fataki maalumu, na alikuwa na kibali, msiende mkasema mchungaji anafundisha watu mabomu. Ukiiwasha inapanda, fyuuu! Ikifika juu kabisa inapiga kishindo kidogo ndani kwa ndani, ncha inafyatuka, mwavuli unatoka, na roketi inashuka polepole kama bibi harusi anayeingia kanisani. Unaiokota. Kesho unairusha tena.

Sasa huyu mwalimu alikuwa na kaka yake. Wazazi wao walifariki wote wawili, ndugu hao wakiwa bado watoto, na kaka, ambaye alikuwa mkubwa kidogo tu, akaacha shule. Akafyatua matofali. Jua lake, mvua yake, akafyatua matofali mpaka mdogo wake akamaliza chuo. Na mnajua yule kaka ndiye aliyependa mambo ya kuruka? Ndege ikipita angani anaacha udongo, anasimama na mikono yake yenye matope anaitazama mpaka inapotea. Alimwambia mdogo wake, "Soma wewe. Siku ukijua vitu vinarukaje, uje unionyeshe kwa macho yangu."

Haya. Mwalimu ni mtu mwenye shukrani. Nataka mlielewe hilo, nisije nikawaona mnamkunjia uso. Alimpenda kaka yake, hakumsahau hata siku moja. Baada ya Krismasi akaamua, nitamtengenezea Kaka roketi, nitaandika jina lake ubavuni, nitaipeleka kule kijijini, nitairusha mbele ya macho yake, nimwambie asante. Hilo ndilo alilolitaka moyoni. Ni jambo baya hilo? Ni jambo zuri!

Akaanza kazi. Akaviringisha karatasi, akachonga ncha, akabandika mapezi kwa kipimo. Mwavuli akaukata kwenye mwavuli wa mkewe uliovunjika. Mkewe anasema haukuwa umevunjika sana, lakini hayo ni ya nyumbani kwao. Ilipofika Pasaka, roketi ilikuwa imekamilika. Ukiishika haipepesuki. Ncha inaingia na kutoka vizuri. Kilichobaki ni sura tu. Ilikuwa na rangi ya boksi, na madoa ya gundi huku na huku.

Na Pasaka ile, kaka mwenyewe akaja! Akaja na mkewe, na kuku, na furaha yake. Wakakaa sebuleni, wakala pilau. Kaka akanusa, akasema, "Bwana mdogo, humu ndani kunanukia gundi. Unaunda nini?"

Mwalimu akacheka. "Utaona tu, Kaka. Haijakamilika."

Akaenda jikoni, na mke wa mwalimu akamfuata. "Baba Tumsifu, si uitoe? Ndugu yako yuko hapa, uwanja wa shule uko wazi, watu wamepumzika. Irushe basi!"

"Vile ilivyo? Mama Tumsifu, ile ni boksi. Nimpe Kaka boksi? Mtu aliyenilea?"

"Yeye ataangalia boksi au ataangalia inavyoruka?"

"Haraka haraka haina baraka, mke wangu."

"Na ngojangoja huumiza matumbo," mama akasema, akachukua sahani zake akarudi sebuleni. Roketi ilikuwa chumba cha pili, imefunikwa shuka. Kaka akala, akashiba, akalala, asubuhi akapanda basi akarudi kwake.

Ndugu zangu, methali tunazo nyingi za kujifichia. Ukitaka kuchelewa, Mswahili atakupa methali. Ukitaka kuwahi, atakupa nyingine. Chagua kwa uangalifu.

Basi mwalimu akaingia kwenye rangi. Nani hapa ni fundi wa fenicha? Mzee, wewe unajua. Kwanza unapiga msasa. Halafu unapaka rangi ya chini. Ikikauka unapiga msasa tena, ule laini, halafu unapaka tena. Ukimulika na tochi unaona kapovu kadogo. Kapovu! Unakwangua yote, unaanza upya. Akapaka nyeupe, akaona imekaa kihospitali. Akapaka bluu juu yake. Bluu ikachuruzika kidogo pale shingoni, akakwangua, akapaka tena. Jina la kaka akaliandika kwa rangi ya dhahabu, herufi moja ikapinda, akalifuta, akaliandika upya. Kila mtu aliyeingia nyumba ile alisema, "Mwalimu, imependeza!" Naye anajibu, "Bado kidogo."

Siku moja simu ikaita. Mke wa kaka. Akasema, "Shemeji, sikutaka kukusumbua. Kaka yako jana amemimina chai, ameimimina nje ya kikombe. Nimembana, ndiyo ameniambia macho yamekuwa yakififia tangu baada ya Pasaka. Tumeenda hospitali. Wanasema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone wametoa, inachelewesha tu."

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Semeni. Mama pale umesema vizuri, ungebeba roketi jioni ile ile. Mimi pia nimesema hivyo, na sote tuliokaa hapa ni mashujaa wa mambo ya wenzetu. Mwalimu alilia, mwanaume mzima alilia kwenye kiti. Halafu akajifuta, akasema, "Basi lazima iwe nzuri kuliko nilivyopanga. Kaka anastahili." Akapaka koti jingine la rangi. Juu yake akapaka vanishi.

Akaenda wakati wa mavuno, kama sasa hivi. Shamba la kaka lilikuwa limeshavunwa, limebaki mabua, pakubwa, peupe. Majirani wakaja. Kaka akatoka nje, mkewe amemshika mkono. Akawa anaweka mguu chini kwanza kwa kuonja, kama mtu anayevuka mto. Mwalimu aliuona ule mguu.

Akamwekea roketi mikononi. Kaka akaipapasa kuanzia mkiani mpaka kwenye ncha, vidole vyake vya matofali juu ya ile vanishi. "Laini hii," akasema. "Laini kabisa. Hapa ubavuni pameinuka, ni nini?"

"Ni jina lako, Kaka."

Kaka akalipapasa jina lake. Mabua yakawa yanapiga kelele kwa upepo.

Wakaisimamisha kwenye fimbo yake ya chuma, mwalimu akaunganisha nyaya kwenye betri ya pikipiki, watu wakahesabu. Fyuuuu! Ilipanda, wapendwa. Bluu na dhahabu juani. Watoto wakapiga kelele, akina mama wakapiga vigelegele. Ikafika juu. Sasa wakangoja mwavuli.

Mwavuli haukutoka. Mnajua kwa nini? Rangi. Yale makoti yote ya rangi, moja juu ya jingine, yalikuwa yameingia pale ncha inapochomekwa, na vanishi ikaja ikagandisha. Kishindo cha ndani kilipiga, ncha ikakataa. Roketi ikageuka, ikaja chini kichwa mbele, puu! kwenye udongo. Na kaka bado ameinua uso wake mbinguni, anatabasamu, anangoja.

"Imefika wapi?" akauliza.

"Imeshafika chini, Kaka." akasema mwalimu. "Mwavuli umekataa. Rangi imeziba. Imevunjika."

Kaka akacheka. Siyo kicheko cha dharau, alicheka kwa furaha. "Lakini nimeisikia ikipanda! Lo, nimeisikia mpaka kifuani. Asante, mdogo wangu. Mungu akubariki. Nilikuambia uje unionyeshe, na umekuja." Akamtafuta kwa mikono, akampata bega, akamvuta. Wakakumbatiana pale kwenye mabua, na majirani wakaanza kufuta machozi kwa kanga.

Halafu kaka akauliza tu, kama mtu anavyouliza mambo ya safari. "Hivi kazi kama hii inachukua muda gani? Ilikuwa tayari kuruka tangu lini?"

Mwalimu hakuwa mwongo. "Tangu Pasaka, Kaka."

"Pasaka ile tuliyokula kwako?"

"Ile ile. Ilikuwa chumba cha pili."

"Ilikuwa imekosa nini?"

"Rangi."

Kaka hakukasirika. Mkono wake ulikuwa bado uko begani kwa mdogo wake. Akasema, "Pasaka nilikuwa naona."

Wapendwa, sijui kama mmenisikia. Kaka alishukuru. Kaka alisamehe kabla hajaombwa. Lakini yale macho hayakurudi.

Na sisi je? Sisi hatuna tatizo la kukosa shukrani. Ningekuwa na mkutano wa watu wasio na shukrani ningehubiri mahubiri mengine, na ningewapigia kelele. Nyumba hii imejaa watu wenye shukrani. Tazameni hapa mbele, maboga mpaka kwenye ngazi! Tatizo letu tunaipaka rangi. Nitamshukuru mama nikishamjengea nyumba. Nitamshukuru mke wangu siku ya jubilei, nitakodi ukumbi, nitaita na mpiga picha. Yule mwalimu wangu wa darasa la kwanza nitakwenda kumsalimia nikiwa na gari, siwezi kwenda na basi, atanionaje? Atakuonaje! Leo anaona, mwenzangu. Nenda akuone.

Asante ikiwa na madoa ya gundi inaruka vile vile. Sikilizeni, inaruka vizuri zaidi. Mungu mwenyewe hakungoja sisi tupakwe vanishi ndipo atupende. Alitupokea na rangi yetu ya boksi, na kwa hilo mimi namshukuru kila ninapoamka.

Kwa hiyo kwaya, ngojeni kwanza. Mnada nao ungoje, maboga hayaozi kwa nusu saa. Kila mmoja ana mtu wake, na umeshamkumbuka, nimeona nyuso zikibadilika nilipotaja ile simu ya mke wa kaka. Kama yuko mbali, toka nje umpigie, nakuruhusu, hii ni mara ya kwanza na ya mwisho nawaruhusu simu ibada ikiendelea. Kama amekaa karibu yako, geuka. Usitunge hotuba.

Na kanisa hili nalo lina mtu wake. Kila Jumapili tunakuta mlango umefunguliwa, viti vimefutwa vumbi, maji yako mezani. Anayefanya hayo ni mama mmoja, na hajawahi kuombwa wala kulipwa. Baraza la wazee liliamua kumshukuru kwa cheti chenye fremu, na cheti bado kiko kwa mchapaji kwa sababu tunabishana maua ya pembeni yawe ya zambarau au ya kijani.

Mama Ndekirwa, uko wapi? Simama, mama. Usijifiche nyuma ya nguzo, simama tukuone, nawe utuone.

Asante.