Waya wa Digidigi

Paukwa.
— Pakawa.
Pakawa waya.
— Uende wapi?
Toka kisimani hadi mlimani.
— Upeleke nini?
Neno moja tu, nalo lilimuua Swala.

Swala aliuawa Jumatano, saa kumi alasiri. Wanyama wadogo waliishi mlimani, maji yalikuwa bondeni, na Fisi alikuwa vichakani. Kila siku Digidigi alishuka kwanza kuchungulia, kisha akasemea kwenye waya. Huko juu mama yake alitega sikio.

Jumatano aliona nyayo mpya. Akasema, "Usije." Katikati ya njia Fisi alikuwa anaukwaruza waya kwa kucha. Kwaru, kwaru. Sauti ilipofika juu, "si" ilikuwa imemezwa. Mama akasikia, "Uje." Swala akateremka.

Alhamisi Digidigi aliwaambia wenzake kwamba sauti ikichafuka njiani hufika na uchafu wake. Pigo la jiwe kwenye waya lipo au halipo. Wakakubaliana: ti-ti-ti, kimya, ti, ni njoo. Chochote kingine, usije.

Siku hiyo aligonga ti-ti. Fisi akakwaruza. Kwaru, ti, kwaru, ti. Mama akaiacha mikwaruzo, akahesabu mapigo. Hakushuka mtu.

Ijumaa mchana Fisi alimkanyaga Digidigi shingoni, pale pale kisimani.

"Mwanangu," akasema, "waite."

Digidigi alitetemeka hata jiwe likamtoka. "Nikigonga mimi, Mama atajua naogopa. Gonga wewe, mzee. Ti nne mfululizo. Mkono mmoja ugonge, wa pili uushike waya usivume."

Fisi alifikiri. Digidigi mmoja ni tonge. Mlimani walikuwa arobaini. Akamwachia.

Ti-ti-ti-ti. Digidigi akarudi nyuma hatua moja. Ti-ti-ti-ti. Hatua nyingine.

"Mbona hawaji?" Fisi aliuliza bila kugeuka.

"Wako wengi, mzee. Wanajipanga. Gonga." Sauti ilitoka mbali kidogo.

Mlimani Mama alihesabu nne, akajua nani anagonga. Akawateremsha wote upande wa pili, kwenye mto wa mbali, bila kujua kama bintiye yu hai. Digidigi aliwakuta njiani.

Tangu hapo sauti ya waya ikaitwa analojia, na mapigo ya Digidigi yakaitwa dijitali. Ndivyo nilivyoambiwa.

Ngano yangu imekatikia hapa; mwenye koleo aiunge. Funzo: fisi akikuuliza, mwambie ukweli mtupu, maana ni mkubwa wako.

Fisi alionekana mara ya mwisho Jumapili asubuhi. Alikuwa bado anagonga.