Nani Atampa Jina Binti wa Mghanga?

Kesi hii imewashinda wenyewe, nanyi isikilizeni.

Bi Mkamburi wa milima ya Taita alikuwa na watoto wanne. Wakio alijua kuyasaka mawimbi ya intaneti yalikojificha. Nyambu alikuwa fundi wa nyaya. Mkawasi aliweza kuifungua kompyuta na kuirudisha bila kubakiza skrubu. Wa nne, Mghanga, alikuwa hospitalini India, akingoja kupasuliwa moyo.

Alfajiri hiyo mkewe alijifungua binti nyumbani kwa Bi Mkamburi.

"Mama, wananiingiza saa sita," Mghanga alisema kwa simu iliyokwaruza. "Nataka kuwaona kwanza."

Simu ikakatika. Nyumba ilikuwa bondeni, intaneti haikufika, na miguu yake haikupanda tena kilima.

Wakio aling'oa modemu ya dukani kwake, wateja wakabaki wakilalamika. Akahangaika nayo mlimani mpaka banda la mbuzi lenye umeme. Taa ikawa kijani. "Imeshika!"

Lakini kuta za mawe za nyumba hazikupitisha mawimbi. Nyambu akavuta waya kutoka bandani, akaupenyeza darini. Nyigu wakamvamia.

"Shuka, mwanangu!" mama alilia.

"Nikishuka, waya haufiki!"

Alitokea uso umevimba, jicho moja limefumba, waya mkononi. Wakauchomeka kwenye kompyuta ya nyumbani. Haikushika.

"Kadi ya mtandao imeungua," Mkawasi alisema. "Kompyuta haiwezi kupokea kitu."

Barabarani gari la kwenda Voi lilipiga honi. Lilikuja kumchukua Mkawasi kwa usaili wa kazi aliyoililia miaka mingi.

"Nenda, usikose riziki," mama alimwambia, huku moyo wake ukisema baki.

Mkawasi akapiga magoti, akafungua kompyuta mbovu ya stoo, akachomoa kadi, akaipachika kwenye ile ya nyumbani. Gari likaondoka.

Uso wa Mghanga ukatokea. Bi Mkamburi akamwinua mtoto mbele ya kamera. Mghanga alilia, akacheka.

"Mama, aliyetuunganisha ndiye ampe binti yangu jina."

Wauguzi wakasukuma kitanda.

Kesho yake jioni uso ule ulirudi, umepauka lakini hai. "Mama, binti yangu anaitwa nani?"

Wakio, Nyambu na Mkawasi wakamtazama mama yao.

Ninyi mnaosikiliza, Mghanga anangoja. Mngemtaja nani?