Mwamba Uliokosa Mwenyewe

Hapo zamani, katika kisiwa kidogo kilichozungukwa na miamba, kila mwamba ulikuwa na mwenyewe. Sheria ilikuwa moja: ukionekana mwamba mpya, ni wa atakayeukanyaga kwanza na kusimika mchokoo wake, ile fimbo ya kumtolea pweza pangoni. Akishasimika, mwamba ni wake, wa watoto wake na wa wajukuu zake. Wenyewe wawili hapana.

Mize hakuwa na mwamba. Aliolewa kutoka ng'ambo, mumewe akafa, akabaki na binti yake Mboja. Maji ya bahari yakitoka, wenzake walikwenda kuchokoa pweza kwenye miamba yao. Yeye alikaa ufukweni na kikapu chake, akingoja warudi ili aingie kuokota walichobakiza. Kwa hiyo aliyatazama maji kuliko mtu yeyote kisiwani. Na moyoni alikuwa na ombi moja tu, kwamba Mboja asije akakaa pale alipokaa yeye.

Asubuhi moja ardhi ilitikisika. Vikombe vikagongana, kuku wakaruka, kisha kukatulia. Siku hiyo kulikuwa na harusi kilimani, watu wakacheka wakasema hata ardhi imeanza kucheza ngoma. Mara bahari ikaanza kurudi nyuma. Ikarudi, ikarudi, ikaipita miamba yote inayojulikana, na mbali kule ukatokea mwamba mweusi ambao hakuna aliyewahi kuuona.

Kijiji kizima kikakimbia, wazee kwa watoto, mchokoo mkononi. Mize naye akakimbia. Kisha akapunguza mbio. Saa ile maji yalitakiwa yawe yanajaa. Aliutazama ule mwamba, akamtazama Mboja aliyekuwa mbele yake, akapiga hatua nyingine mbili tatu. Halafu akamshika mtoto mkono, akapaza sauti: "Rudini. Hii si saa ya maji kutoka. Yaliyoondoka hivi yatarudi hivi hivi."

Watu wakacheka. Mmoja akasema Mize leo kaja na mbinu, anataka warudi ili aokote peke yake.

Aliyekuwa mbele kuliko wote ni Bikombo, mwanamke mwenye mbio na mwenye miamba mitatu. Alibakiza hatua chache tu. Alipoisikia sauti ya Mize alitazama chini, akaona samaki wanarukaruka kwenye tope ambalo halijawahi kuonekana na jua. Akautupa mchokoo wake akageuka. Wengi walipomwona Bikombo ameuacha mwamba, hofu ikawaingia, wakamfuata. Lakini wengine waliona sasa ndiyo nafasi yao, wakazidi kukaza mbio.

Hapo akatokea Faki. Faki alikuwa mtu ambaye hata akikuamkia asubuhi, huna hakika kama kumekucha. Akapiga kelele kwamba kilimani pilau imeshapakuliwa, masinia yanakwisha, na nyama ya wachelewaji wanaila wapishi. Wale waliobaki wakasita. Mwamba ataupata mmoja, pilau ni ya wote. Wakageuka.

Walipofika kilimani, sufuria bado ziko motoni. Wakageuka wamtukane Faki, na kumbe anakuja nyuma yao anahema, na nyuma yake bahari imesimama kama ukuta. Wimbi likapita juu ya kijiji chote. Nyumba zikaenda, mitumbwi ikaenda, minazi ikalala. Lakini walipoitana majina, hakuna aliyekosekana. Wakalia. Kisha pilau ikaiva, wakala.

Bahari ilipotulia, miamba ya zamani ilikuwa imevunjika, lakini ule mweusi ulibaki umeinuka, umejaa mapango ya pweza. Watu walipomaliza kuezeka vibanda vipya kilimani, wakakubaliana kwamba mwamba ule apewe aliyewaokoa.

Bikombo alisema, "Ulikuwa wangu tayari. Mize alisema, nyinyi mkacheka. Mligeuka mliponiona mimi nageuka. Nani mwingine hapa aliacha kitu?" Mtu akamkumbusha miamba yake mitatu. Akajibu kwamba imevunjika yote, sasa yeye na Mize ni sawa.

Faki alisema, "Mimi mwongo, mnanijua. Lakini hawa waliopona kwa tamaa ya nyama ni wangu."

"Faki," Bikombo akamwuliza, "ulipokuwa ukiwaita kwenye pilau, miguu yako ilielekea wapi?"

Faki akakuna kichwa. Ilielekea baharini. Alitaka watu wapungue apate njia, na alipoyaona maji yamesimama ndipo akageuka. "Lakini ningewaambia kweli," alisema, "mngenifuata?"

Mize alisimama mwisho. Wakamwambia walimwona naye akikimbia.

"Nilikimbia," alisema. "Nani asingekimbia? Lakini niliyajua maji kwa sababu nimekaa ufukweni miaka yote nikingoja mabaki yenu."

Wakamwambia sauti yake ilimgeuza mtu mmoja tu.

"Mmoja huyo ndiye mliyemfuata."

Basi waliomfuata Bikombo wakamtaka Bikombo, waliokimbilia pilau wakamtaka Faki, na watoto wote wakamtaka Mize. Wakabishana mpaka maji yakatoka, kwa saa yake safari hii. Wakashuka wote. Wale watatu wakaenda mbele, Mboja akiwashikia mchokoo mmoja, mpya, wa mti mbichi. Walipofika ukingoni mwa mwamba wakasimama. Pweza alichungulia pangoni, akabadili rangi, akajificha. Hakuna aliyeinua mguu. Mboja akaunyoosha ule mchokoo, akangoja mkono wa kuupokea.

Nyuma yao kijiji kizima kinatazama, na maji yameanza kurudi taratibu. Nawe umesimama nao. Sema upesi: je, nani alistahili kuukanyaga?