Mzizi Mbichi na Mkoba wa Mbodze

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Kesi hii imewashinda wazee wa kwetu. Labda ninyi mtaiweza.

Palikuwa na mganga wa mizizi, Mgiriama, jina lake Mbodze. Alikuwa mjane asiye na mtoto, akawafunza uganga vijana watatu, nao wakamwita Hawe, yaani bibi. Jefwa alikuwa na mikono: mzizi ulioshikwa na mwamba aliung'oa kama muhogo. Nyevu alikuwa na macho: hakukubali neno mpaka alione. Toya, mwana wa Ngumbao, alikuwa na moyo: akishasadiki jambo, harudi nyuma.

Dawa kuu ya Mbodze ilikuwa mzizi wa mkunguza, wa kutuliza homa. Aliukausha hadi ukawa mwekundu, ndipo akausaga.

"Kwa nini tusiupike mbichi, Hawe?" Nyevu aliuliza.

"Mama yangu aliukausha. Mimi sikumuuliza."

Jibu hilo halikumtosha Nyevu. Alimlisha mbuzi mmoja wa mumewe mzizi mbichi, na mwingine mkavu. Wa kwanza alitokwa damu puani, akafa. Wa pili alicheua tu. Akarudia kwa wengine, ikawa vilevile. Mumewe alipogundua, alimpiga kwa mchi akamvunja taya, akamfukuza watu wakitazama. Tangu siku hiyo Nyevu alikula uji, na kila neno lilimtoka kwa taabu.

Kisha Ngumbao, babake Toya, akashikwa na homa. Mbodze akampelekea unga wake mwekundu, lakini kabla homa haijashuka, Ngumbao alitapika damu, akakata roho.

Chengo, mdogo wa marehemu, hakungoja hata kaburi lichimbwe. Alikuja na kundi la watu wenye mapanga, mawe na vijinga vya moto. Mbodze alikuwa uani akianika mizizi. Jiwe la kwanza lilimpasua paji la uso. Akatambaa hadi ndani, damu ikimziba macho.

"Atoke," Chengo alisema. "Asipotoka, tutamchomea humo humo."

Jefwa akasimama mlangoni na rungu. Aliyetangulia alivunjwa mkono, aliyemfuata akavunjwa goti. Panga likashuka, likachukua vidole vya Jefwa. Akahamishia rungu mkono wa kushoto. Makuti yakashika moto. Ndani, Mbodze alisikia vipigo vikiuangukia mwili wa yule kijana, puu, puu, kama watu wanaotwanga, na kila kipigo alidhani ndicho cha mwisho. Mlango haukupitika. Paa lilipoanza kuporomoka, Jefwa alimburuta Hawe nje, akamlaza chini, akasimama juu yake akiwa ametanua miguu.

Hapo ndipo Nyevu alipofika. Aliposikia habari ya damu aliwakumbuka mbuzi, akakimbilia nyumbani kwa marehemu, akachukua chungu alichopikiwa dawa. Alipenya katikati ya watu huku akipigwa ngumi za mgongo, chungu amekikumbatia. Akatoa vipande vya mzizi, akaviinua juu.

"Hawe hutoa unga mwekundu," alisema polepole. "Hivi ni vyeupe. Ni mzizi mbichi. Ndio uliowaua mbuzi. Mbuzi wale mnawakumbuka."

Waliwakumbuka. Mapanga yakateremka kidogo. Lakini mtu mmoja akasema, "Mbichi, mkavu, sumu ni sumu," na vijinga vikainuliwa tena.

Toya akajitokeza, macho yamevimba kwa kumlilia baba yake. Aliufungua mfuko wa unga kiunoni mwa Hawe, akaumimina wote katika kata ya maji.

"Nimejaribu kwa mbuzi," Nyevu alimnong'oneza. "Kwa mtu, na kwa wingi huo, sijui."

Toya akawageukia watu. "Kama dawa hii imemuua baba, na mimi itaniua. Mkiniona nimeanguka, mchomeni Hawe." Akanywa mpaka tone la mwisho.

Wakangoja. Mbodze, shavu lake mchangani, aliitazama miguu ya Toya. Toya alitapika. Hapakuwa na damu. Vivuli vikarefuka, na Toya bado amesimama.

Ndipo mamake Toya akasema, "Chengo ndiye aliyeuchimba mzizi huo mbichi, akampikia. Alisema unga wa Hawe unachelewa."

Panga likamponyoka Chengo. "Nilitaka apone," alisema. "Ndugu yangu, nilitaka apone."

Hakuna aliyemsikiliza. Wale wale aliokuja nao wakamgeukia. Toya alijaribu kumkinga baba yake mdogo, lakini dawa ilikuwa imemmaliza nguvu, akaanguka kwa magoti. Mbodze alitaka kuwaambia waache. Moshi ulikuwa umeila sauti yake. Walimpiga Chengo kwa mawe mpaka akaacha kusogea.

Mbodze hakupona. Kifua kiliendelea kumbana, akajua safari imekaribia. Na mkoba wa uganga hurithiwa na mtu mmoja. Kwao, ukigawanywa umekufa. Akawaita wote watatu.

"Nisingeuzuia mlango," Jefwa alisema, "ukweli wa Nyevu ungekuta majivu."

"Nisingekuwa na ukweli huo," Nyevu alisema, "ungeuzuia mlango mpaka lini? Na Toya angejuaje la kunywa?"

Toya akasema, "Habari ya mbuzi waliisikia, na bado waliinua moto. Waliushusha nilipokunywa."

Mbodze aliwatazama. Aliuona mkono usio na vidole, na akawakumbuka vijana waliolemazwa na rungu. Aliliona taya lililopinda, na akakumbuka kwamba ukweli uliomwokoa yeye ndio uliomuua Chengo. Akamwona Toya, aliyewazika baba na baba mdogo kwa pamoja, na ambaye alikunywa asichokijua kwa kumwamini mwenzake. Wote watatu aliwapenda. Mkono wake ulikuwa juu ya mkoba, na pumzi zilizobaki zilikuwa chache.

Haya, wewe unayenisikiliza, ungekuwa Mbodze ungeamua vipi? Mkoba ungemkabidhi nani, na wale wawili wanaoondoka mikono mitupu ungewaambia nini?