Fundi Aliyeshona Amesimama

Leo nina habari ya fundi cherehani mmoja na mke wake. Ninyi mliokaa na watoto, msiwazibe masikio. Wakikua watanishukuru.

Fundi huyu alikuwa na kibanda karibu na kituo cha kuuzia majani ya chai, huko milimani ambako mvua hainyeshi kwa kalenda. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amekaa kwenye stuli moja, mguu kwenye pedeli, tepu shingoni. Ukipita asubuhi yupo, ukirudi jioni yupo. Sasa siku moja watu wanapita, wanamkuta amesimama. Kichwa cha cherehani amekifungua kutoka kwenye meza yake, amekipandisha juu ya kabati la vitambaa, anazungusha gurudumu kwa mkono. Kesho yake, amesimama. Wiki ya tatu, bado amesimama.

Mngekuwa ninyi mnapita pale, mngesema nini?

Basi na wao walisema hayohayo. Muuza mkaa alisema fundi amepewa mwiko na mganga: akikaa tu, wateja wanakimbia. Mama mmoja wa mboga alisema hapana, ni mshipa wa mgongo. Na kanisani je? Kanisani fundi alikuwa anasimama kule nyuma ukutani, toka wimbo wa kwanza mpaka matangazo, na matangazo yetu mnayajua yalivyo marefu. Mzee wa kanisa mmoja akatikisa kichwa kwa furaha, akasema, "Yule ndugu ana moto wa sala. Tumpe uzee wa kanisa." Jina likapelekwa kwenye kikao!

Mtu mmoja tu hakusema neno, naye ni mkewe. Mama huyu alikuwa na macho ya kuchunguza tangu utoto wake. Sufuria ikihamishwa jikoni, anajua nani kaihamisha. Akaanza kutazama. Akaona mumewe anakunywa uji akizungukazunguka uani. Akaona anakwenda chooni na kukaa huko muda wa kuchemsha maharage, kisha anarudi uso umesawijika. Halafu akaona jambo lililomshangaza kuliko yote: mwanamume ambaye tangu amemuoa hajawahi kufua hata leso, sasa anafua nguo zake za ndani mwenyewe, na anazianika chumbani, nyuma ya mlango.

Mwanzo alidhani kuna mwanamke. Msicheke, hata wewe ungedhani hivyo. Lakini akajiambia, mwanamume mwenye mwanamke wa nje hupaka mafuta, hununua shati. Huyu wangu anakonda.

Jumamosi moja mchana akampelekea chakula kibandani, akafunga nusu ya mlango, akamuuliza bila kuzunguka.

"Baba Subilaga, unatoka damu?"

Gurudumu likasimama. Fundi akatazama sindano kama vile sindano ndiyo iliyoulizwa.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nina macho. Tangu lini?"

"Tangu mahindi mabichi." Hiyo ilikuwa miezi minne imepita. "Kidogokidogo tu. Lakini maumivu, mama, ni kama natoa vipande vya chupa. Nimekunywa dawa za mizizi, nimekalia maji ya moto. Itaisha."

"Na hospitali?"

"Hospitali!" Akacheka cheko la mtu anayetaka kulia. "Daktari wa pale ni binti. Gauni la mahafali yake nimelishona mimi. Leo nikamvulie suruali, nimwambie mwanangu, nitazame huku nyuma?"

Mkewe akakaa kwenye ile stuli iliyokuwa haina mtu.

"Mimi nimekuzalia watoto wanne," akasema. "Wa pili alinikuta njiani, nikazalia kwenye shamba la watu, na waliokuja kunisaidia sikuwajua hata majina. Uliwahi kunisikia nikisema kwamba wamenivunjia heshima? Jumatatu tunakwenda. Wewe usipotaka kusema, nitasema mimi."

Jumatatu wakaenda.

Yule binti alimwamkia, "Shikamoo, baba," akafunga mlango, akavuta pazia, akauliza maswali yake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya viazi. Damu ni nyekundu au nyeusi? Imechanganyika na choo au inadondoka baadaye? Uzito umepungua? Fundi alijibu akitazama dari. Alipompima, kipimo hakikuchukua hata muda wa kutunga uzi kwenye sindano. Miezi minne ya hofu, ndugu zangu, kwa jambo la dakika mbili!

"Una bawasiri, na kuna mpasuko," daktari akasema. "Hayo ndiyo yanayokuumiza, na dawa ipo. Lakini damu haina jina lililoandikwa juu yake. Inaweza kuwa inatoka hapo, na inaweza kuwa inatoka na mahali pengine juu zaidi. Niambie, baba, katika ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kuumwa utumbo?"

"Hakuna," fundi akasema haraka.

Mkewe alikuwa amekaa pembeni, kikapu mapajani. Kuna kitu kikamjia kichwani. Aliliona boma la wakwe zake, yeye bado bi harusi wa mwezi mmoja, amepiga magoti na sinia la ndizi. Akamwona baba mkwe anakula ameegemea mwimo wa mlango, amesimama. Kila siku amesimama. Yeye mgeni wa nyumba alidhani ndiyo desturi ya watu hawa. Tena akakumbuka jinsi mzee yule alivyokuwa anakwenda mtoni kufua shuka zake peke yake, naye mkamwana akalia kwa mama yake kwamba ufuaji wake haumpendezi mkwe.

"Yupo," akasema.

Fundi akageuka. "Nani?"

"Baba yako. Alikufa kwa nini?"

"Alirogwa. Si unajua? Alikonda tu, akaisha."

"Alikuwa anakula amekaa?"

"Hapana," fundi akasema polepole. "Alikuwa anasimama." Daktari akachukua kalamu, akaandika barua ya hospitali ya rufaa.

Kule walimpitishia mpira mwembamba wenye kamera. Wakakuta ndani ya utumbo kinyama kimeota, ukubwa wa punje ya njegere. Wakakikata, wakakipeleka maabara. Siku kumi za kusubiri majibu, nyumba ile haikuwa na mtu aliyemaliza chakula chake. Majibu yakaja: bado hakijawa saratani. Kilikuwa njiani. "Mngekaa miaka miwili mitatu mingine," daktari wa kule akasema, na hakumalizia. Akaagiza jambo moja: ndugu wote wa tumbo moja waje kupimwa.

Fundi akawaita kaka zake watatu nyumbani kwake. Akawaeleza yote, na damu, na choo, na kamera ilipopita. Wakatazama chini. Kaka mkubwa, mwanamume wa sauti nzito ambaye kijiji kizima kinamwogopa, akaangua kicheko. "Mdogo wangu, mambo gani haya unayasema mbele ya chakula? Sisi ni wanaume."

Wakala, wakaagana. Mke wa fundi alikuwa uani anaosha sahani. Akamwona kaka mkubwa amefika barabarani, amesimama, halafu anarudi taratibu kama mtu aliyesahau kofia. Akamshika fundi mkono, akamvuta karibu na ukuta, na ile sauti nzito yote ikawa imekwisha.

"Hiyo damu yako," akanong'ona, "ilikuwa ya rangi gani?"

Wapendwa, sisi tunarithishana mashamba, tunarithishana majina, na kumbe tunarithishana na kimya. Baba alikufa nacho, tukasema amerogwa. Mwana akakibeba, tukasema ana moto wa sala. Mtaa mzima ulikuwa na maswali, tukayapeana sisi kwa sisi, sokoni na kwenye vikao, asipatikane wa kumuuliza mwenyewe. Mungu aliyekuumba mbele ndiye aliyekuumba na nyuma, wala hakuona aibu alipokuwa anafanya kazi hiyo. Aibu tumejiongezea wenyewe.

Najua katika benchi hizi yupo anayenisikiliza akiwa amekaa kwa upande mmoja. Sitakutazama. Lakini wewe uliyekaa jirani naye, mtazame kwa upendo, na mkitoka hapa usimuulize tu habari za nyumbani. Muulize anaumwa wapi. Kisha kesho nendeni pamoja.