Kwa Nini Barabara ya Wimblecote Ina Kona Saba

Ninyi mnaoicheka barabara yetu, tulieni niwaeleze. Hapo kale kitongoji hiki cha Wimblecote, huku mashambani Uingereza, kilikuwa na nyumba tisa na njia moja iliyonyooka kama uzi, ikipita mbali na milango ya watu. Kila mtu alijikalia kwake.

Mchana mmoja wa Juni, nyuki wa mjane Hilda Thackway walitoka mzingani wote kwa mkupuo. Hilda hakuwa na ng'ombe wala shamba. Asali ndiyo iliyomlisha. Na desturi yetu ilikuwa hii: nyuki wakihama, wanabaki kuwa wako ukiwafuata kwa kupiga sufuria, mradi mlio usikatike mpaka watue. Ukikatika, ni wa yeyote atakayewadaka. Msimamizi wa shamba la bwana mkubwa, aliyewatamani siku nyingi, alikuwa nyuma ya Hilda ametega sikio!

Basi Hilda alichomoka mbio na sufuria na mwiko wake, kwa! kwa! kwa! Nyuki wakapinda kushoto kwa mhunzi, wakapinda kulia kwa fundi viatu, naye yumo tu, sketi kaikunja magotini. Jamani, raha iliyoje kumwona! Walipopinda mara ya nne, sufuria ikang'oka, ikabiringika mtaroni. Hilda akabaki na mpini mkononi.

"Kimya!" msimamizi akashangilia. "Sasa ni wa—"

Kwa! kwa! kwa! Alikuwa Osbert Pym, jirani aliyemnunia Hilda miaka sita kwa sababu ya ugomvi wa nguruwe na kabichi. Alikuwa mlangoni pake akila. Aliumwaga uji wote chini, akaigonga sufuria yake kwa kijiko.

"Kimbia, Hilda! Mimi napiga!"

Hapo nyumba zote zikatapika watu wakigonga mifuniko, ndoo, hata kengele ya kondoo! Wakakanyaga ngano, wakakanyaga upupu, wasijali, mpaka nyuki wakatua kwenye mtufaha karibu na kanisa. Hilda alimkumbatia Osbert akilia kwa furaha.

Na tangu siku hiyo hakuna aliyeirudia njia ya zamani. Tunapita palepale walipokanyaga, mlango kwa mlango, kona zote saba. Wapimaji waliokuja na kamba kuinyoosha tuliwatimua kwa sufuria. Nawe ukifika kona ya nne, piga honi, tafadhali. Pale ndipo Hilda alipoishiwa mlio, na hatutaki aishiwe tena.